Hesabu Ishirini Mpaka Mkono wa Biji Ufike

Vijana wa karakana, mmeniuliza mara tatu (nimehesabu, nikahesabu tena, ni tatu) jinsi ya kuifanya injini ndogo ya mvuke itembee polepole bila kurukaruka. Kila Jumamosi nawaona mkishangilia iliyokimbia. Kukimbia si kazi. Hata sufuria ikiponyoka mteremkoni hukimbia, na haina moto wala maji. Nionyesheni injini inayotambaa kama mama anayepita kwenye chumba alimolala mtoto, hapo nami nitapiga makofi.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa reli. Miaka thelathini na moja nilikaa Grogan, kule soko la mafundi na vipuri, kwenye kibanda cha mabati, nikitengeneza stovu za pampu na taa za karabai. Ndiyo maana wakaniita Mama Karabai, ingawa nina watoto wanne na hakuna hata mmoja anayeitwa hivyo. Watu walipohamia gesi na taa za sola, nilikunja turubai nikarudi Dagoretti kufuga kuku kumi na wanne. Kumi na watatu, kama mwewe ameshapita.

Karibu na kibanda changu, hatua arobaini tu, palikuwa na duka la vyuma la Mzee Tarlochan na mkewe. Mzee alikaa nyuma na madaftari. Mkewe ndiye aliyekaa kaunta. Kila mtu alimwita Biji, yaani mama kwa Kipunjabi, hata wateja waliomzidi umri. Ukitaka boliti mia moja, Biji alikuhesabia kwa Kiswahili, moja moja, zikianguka kwenye sahani ya mizani, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mimi nikishapokea zangu nilizimwaga kwenye aproni nikaanza upya.

"Wewe Mama Karabai! Unanihesabia tena?"

"Si wewe, Biji. Ni vidole vyangu ndio siviamini."

"Mwongo. Mimi nahesabu mara moja. Mtu wa kuhesabu mara mbili ni mtu ameibiwa, ama ni mwizi. Wewe ni gani?"

"Bado naangalia, Biji."

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosea, hata kwa washa moja ya boliti. Na mimi sikuwahi kumwambia hivyo. Neno hilo lingenigharimu nini? Lakini mtu wa soko hampi mwenzake neno la bure.

Nilikuwa kwenye mwaka wa pili wa kufuga kuku Mzee Tarlochan aliponipigia simu. Duka walikuwa wameshafunga, wakaenda kukaa kwenye nyumba yao ya Spring Valley.

"Fundi, Biji amepata kiharusi. Upande wa kulia. Maneno pia yameenda. Kuja uangalie injini yake."

Nilidhani uchungu umemchanganya. Mtu anaugua, unaita fundi wa stovu? Nikaenda hata hivyo, na maandazi sita.

Ndipo nikajua jambo ambalo jirani wa hatua arobaini sikuwa nikilijua. Biji alikuwa dereva. Kaka yake marehemu alimtengenezea injini ya mvuke ya kweli, ya shaba, urefu wake mkate mmoja na nusu, inayowaka kwa spiriti. Reli yake ilizunguka juu ya meza mbili zilizounganishwa. Kila Jumapili baada ya chakula hakuna aliyeruhusiwa kuinuka kabla ya garimoshi kupita mbele yake na kibehewa cha shamari, zile mbegu tamu za kutafuna, zimechanganywa na sukari. Biji alikaa kichwani mwa meza, na injini ilipopita aliigusa tu kwa kidole, ikapunguza mwendo, kila mgeni akachota bila kuharakishwa.

Sasa alikuwa amekaa palepale, mkono wa kulia mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mtaalamu wa mazoezi kutoka kliniki moja ya Hurlingham alikuja kila Jumatatu na bakuli la maharagwe. Aokote moja, aweke huku, aokote jingine. Biji alimtazama yule mtaalamu jinsi alivyokuwa akimtazama mteja anayeomba punguzo la senti kumi. Hakugusa hata punje.

"Daktari anasema mkono haujakufa," Mzee aliniambia jikoni, akinimiminia chai. "Lakini ukikaa hivi utajikunja, basi. Amempa wiki tatu. Asipousogeza, mtaalamu anaufunga na kibao usijikunje, tuwache kumsumbua." Chai ikafurika kwenye kisosi, hakuona. "Mimi nikafikiria, pengine kwa garimoshi yake atachukua shamari. Nikaiwasha mwenyewe. Imepita kama mwizi wa simu."

"Iwashe tena nione."

Akaiwasha. Kweli, kama mwizi wa simu. Shamari zilitua kwenye pazia.

Nami wakati Mzee anahangaika na pazia nikaona kitu. Nzi alitua kwenye kikombe cha Biji. Biji akafikiri hakuna anayemtazama. Mkono ukaanza kuinuka kutoka mapajani. Nikahesabu kimoyomoyo. Ulipanda, ukatulia, ukapanda. Nilipofika ishirini ulikuwa ukingoni mwa meza, na nzi akaruka. Mzee aligeuka, na mkono ukaanguka mapajani.

Niliweka vijiko viwili mezani mbele ya Biji, kimoja kushoto kwake na kimoja kulia, mahali ambapo mkono wake ungeweza kufika. Nikamwambia Mzee: "Kibehewa kikiingia penye kijiko hiki na kutoka penye kijiko kile kwa hesabu ya ishirini, tutajua kama anataka ama hataki."

"Sasa hivi ni ngapi?"

"Mbili. Na ya pili ni ya huruma."

Basi ndivyo nilivyoanza kupatana bei na injini. Yenyewe ilisema mbili, mimi nikasema ishirini. Nimepatana na watu wagumu zaidi, ila hao hawakuwa na boila.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana ni kosa la fundi, si la mjinga, na nyinyi mtalifanya. Kwenye stovu, adui ni kuvuja. Ngozi ya pampu isipobana, hakuna moto, mama wa watu analala njaa. Nikaona mvuke unavuja kidogo pale chuma cha pistoni kinapoingia kwenye silinda. Nikatia uzi mpya wa kuziba, nikakaza. Kisha, kwa sababu mimi ni mimi, nikakaza tena. Haikuvuja hata chozi. Nikajipongeza.

Injini ikasimama. Nikafungua mvuke kidogo, imesimama. Nikaongeza, bado. Nikaongeza, na hapo ikakurupuka kama mbuzi aliyeona mlango wazi, ikakosa kona, ikaenda kutua kwenye zulia.

"Mama Karabai," Mzee akasema, akiifunika kwa kitambaa kibichi, "mimi nimekuita uipunguze mbio. Unaifundisha kuruka?"

Ningecheka, lakini nilimwona Biji. Aligeuza uso akatazama ukuta, na siku hiyo hakuugeuza tena.

Nilipokuwa nikirudi Dagoretti nilimkumbuka Mzee Mutiso, Mungu amlaze pema, aliyenifundisha kazi pale Grogan nikiwa sijui hata kushika bisibisi. Aliniona siku moja nikikaza kichwa cha stovu kwa mikono miwili na ulimi nje.

"We msichana, hiyo stovu imekukosea nini?"

"Naihakikisha, Mzee."

"Hakikisha na macho. Hesabu mara mbili, kaza mara moja."

Nusu ya kwanza ya neno lile niliichukua nikaifanya dini. Ile ya pili niliisahau kwa miaka thelathini.

Kesho yake nililegeza ule uzi mpaka pistoni ikateleza kwa kusukumwa na kidole kidogo. Ikavuja kiasi. Iacheni ivuje kiasi. Chuma kilichobanwa sana hukwama, kikikwama kinangoja nguvu, nguvu ikija inakuja yote kwa pamoja. Mwendo wa polepole hautaki nguvu, unataka njia wazi. Jaribuni hivi, bila moto: wekeni kijiko cha chai chini ya ncha ya reli, injini iwe juu yake. Ikiteremka yenyewe, iko huru. Isipoteremka, usiwashe kiberiti, utapoteza spiriti bure.

Siku hiyo tukafika sita.

Habari ya oili. Nilitia ile ya gari, ya kituo cha petroli. Ikatoka kwenye bomba la moshi, nyeupe na nzito kama maziwa mala, ikamrukia Mzee kwenye kilemba. Mvuke unaiosha oili nyepesi, silinda inabaki kavu, inakwaruza. Inatakiwa oili nzito, ile ya giaboksi, na ndani yake mafuta kidogo ya ng'ombe, yaliyoyeyushwa na kuchujwa kwa kitambaa, ili yashikamane na chuma hata pakiwa na maji. Na kama kuna mahali duniani pasipokosa mafuta ya ng'ombe ni Dagoretti, kwenye machinjio.

"Mama, haya ni ya chapati?" muuza nyama aliniuliza.

"Ya garimoshi."

"Basi wacha nikuongeze. Garimoshi haina presha."

"Ina presha kuliko wewe," nikamwambia, lakini nyongeza nilichukua. Tukafika tisa.

Moto nao ulinisumbua kwa sababu ya kiburi. Fundi wa stovu anajivunia moto unaonguruma. Zile tambi tatu za spiriti chini ya boila nilizivuta juu mpaka Mzee akasogeza kiti. Maji yakachemka kwa fujo, na mvuke mwingi ni kama pesa ya mkopo, utautumia tu. Nikazikata tambi fupi, kimo kimoja, kama nywele za mwanafunzi. Moto mzuri wa mwendo wa polepole unasikika kama mtu anayepuliza chai. Na kumbukeni, mwali wa spiriti hauonekani mchana. Shikeni jani kavu la nyasi juu yake, msitumie kidole. Kidole changu hiki cha pete kinajua.

Mnaona nimeruka jambo la maji? Silinda ikiwa baridi, mvuke unageuka maji humo ndani, na maji hayabanwi. Injini inagonga, inasita, inaruka. Kabla ya safari, isukumeni kwa mkono mbele na nyuma, mvuke umefunguliwa kidogo tu, mpaka iteme maji yote. Funikeni bomba kwa kitambaa, la sivyo mtalipia pazia.

Lakini lililonipa usingizi mwema ni kusikiliza. Injini ya silinda mbili, gurudumu likizunguka mara moja, inatoa pumzi nne. Pumzi za ile ya Biji zilikuwa moja, mbili, tatu... nne. Ya nne ilichelewa, kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu. Ikienda mbio husikii. Ikienda polepole, hapo kwenye ile ya nne ndipo inapokwama. Mzee hakusikia.

"Hesabu tena," nikamwambia.

"Nimehesabu."

"Mara ya pili."

Akafumba macho. Midomo ikamchezacheza. "Ya nne," akasema. "Fundi, ya nne inachechemea!" Akamgeukia mkewe kwa furaha, kama amepata hesabu aliyoitafuta mwaka mzima. "Biji, unasikia? Ya nne!"

Biji alimtazama tu. Lakini alimtazama yeye, si ukuta.

Nilitumia mbinu ya Mzee Mutiso. Ncha ya bisibisi kwenye silinda, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, na chuma kinakueleza siri zake. Kumbe kile kibamba cha ndani, kinachofungua na kufunga njia ya mvuke, kilikuwa kimesogea, si zaidi ya unene wa ukucha. Nusu mzunguko wa nati, basi. Nikakaza mara moja. Tukafika kumi na tatu.

Siku hiyohiyo nilitaka kutoa uzi mwekundu uliochakaa, uliozungushwa kwenye kijiti cha mvuke. Kijiti hicho kimechomoza nyuma ya injini: ukikisukuma mbele, mvuke unaingia, kikirudi nyuma unapungua.

"Huo wacha," Mzee alinizuia mkono. "Ameufunga yeye, asiungue."

Nikauacha. Mara nyingine ufundi ni kuambiwa wacha na kuacha.

Kisha mzigo. Injini isiyo na kitu nyuma haina sababu ya kutulia. Nilimwomba Mzee kitu kizito, akaingia chumbani, akatoka na boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na mawe ya mizani ya duka, ya shaba, yaking'aa. Kumbe alikuwa akiyasugua.

"Niliuza mizani," akasema. "Haya sikuweza."

Tukayapanga kwenye mabehewa mawili nyuma ya kile cha shamari: kilo moja, nusu, nusu, robo. Injini ikainama kazini. Kumi na sita.

Na kumi na sita ikabaki kumi na sita. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nikipunguza mvuke zaidi inasimama. Nikiacha, mkono wa Biji haukufika, au haukutaka, sikujua. Mara mbili niliona bega likitikisika, kisha kibehewa kikawa kimeshapita.

"Kumi na sita si karibu?" Mzee akauliza. Ilikuwa Jumapili, wiki ya tatu. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa anakuja kesho yake na kibao.

"Duka lako lilikuwa linauza karibu mia kwa bei ya mia?"

Mzee alikuwa anapanga shamari kwenye kibehewa kwa vidole vyake vinene, moja moja, kama anaziomba radhi.

Nikaona nimesema kama mtu wa soko. "Tujaribu, Mzee," nikasema. "Leo ni siku yake."

Tulikula kwanza, kama desturi. Dengu, chapati, pilipili iliyonitoa machozi bila uchungu. Hakuna aliyeinuka. Nikapasha silinda, nikaitemesha maji, nikailisha mvuke wa unywele mmoja. Injini ikaondoka kutoka upande wa Mzee, moja, mbili, tatu, nne, pumzi zote sawa. Mimi nikainama usawa wa reli, jicho kwenye magurudumu, kwa sababu fundi hutazama chuma. Hilo nalo ni kosa langu. Ningetazama mtu ningeona mapema.

Biji alikuwa ameanza kuuinua mkono injini ikiwa bado upande wa pili. Hakungoja kibehewa. Alikuwa dereva, alijua garimoshi lake linachukua muda gani kuzunguka, alijua pa kuanzia. Injini ilipotokea kwenye kona, mkono ulikuwa umeshafika, umelala juu ya meza karibu na reli, kidole kimoja kimenyooka.

Nikafungua mdomo. Mzee akanishika kiwiko.

Injini ikamfikia. Kidole hakikuvuta kitu wala hakikusukuma, hakikuwa na nguvu hiyo. Kilikaa tu pale, kwenye uzi mwekundu, na injini ikaendelea mbele kidogo, ikakiacha kijiti nyuma kwa upana wa punje. Ikajipunguzia mvuke yenyewe. Pumzi zikarefuka. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nilidhani itasimama. Haikusimama. Kidole kikateleza kikaachia, na ile injini ikatambaa na mzigo wa duka zima nyuma yake, polepole kuliko nilivyowahi kuomba.

Kibehewa cha shamari kikaingia kijiko cha kwanza. Nikahesabu kwa sauti, sijui kwa nini, labda kumsaidia. Moja, mbili, tatu. Kwa saba vidole vyake vilikuwa kwenye ukingo wa kibehewa. Kwa kumi na moja vilikuwa ndani. Nyingi zilimwagika. Kwa kumi na sita, pale tulipokwama siku tatu, kibehewa hakikuwa kimefika hata kwenye kisahani chake cha dengu, kabla ya kijiko cha pili. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini, nikasema, nikanyamaza, maana ishirini ndiyo niliyokuwa nimeitafuta, sikuwa nimejiandaa kwa nyingine.

Kibehewa kilikuwa bado mbele yake.

"Ishirini na moja," akasema Biji.

Ilikuwa nzito, imepindika upande mmoja, lakini ilikuwa ile sauti ya kaunta. Mzee alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Biji alikuwa na mbegu mbili katikati ya vidole vyake, anazitazama.

"Ishirini na mbili," akasema. "Ishirini na tatu." Na kibehewa kikatoka kijiko cha pili.

Kisha akanigeukia mimi, na lile jicho la kunipima likanipima. Alikuwa anangoja. Nilijua anangoja nini.

Vijana wangu, nimewaambia yote ninayoyajua: legezeni, pasheni, oili nzito, moto mdogo, pumzi nne sawa, mzigo nyuma. Hayo yatawafikisha kumi na sita. Zilizobaki si zangu kuwafundisha.

"Ishirini na tatu, Biji," nikamwambia. Siku hiyo nilihesabu mara moja.